Maswali Yenu: Vijana Wanaumwa Nini Hasa?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba hakuna ugonjwa unaoua vijana duniani kuzidi barabara, basi meseji zilizomiminika baada ya hapo, jamani! Wengine mmekasirika, wengine mmedhani nimetunga, na wengine mmeleta maswali ya kweli kabisa ya ndani ya nyumba zenu. Nimechagua machache, marefu nimeyafupisha, majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Nikisema kijana hapa chini namaanisha mtu wa miaka 10 mpaka 24 maana ndiyo mipaka ambayo watafiti wengi wanaitumia, kwa hiyo yumo binti ambaye hajavunja ungo na yumo pia bwana harusi wa miaka 23.

Daktari, mimi hizi kelele za afya ya vijana sizielewi. Nikienda hospitali naona wazee wa presha na sukari, akina mama na watoto wachanga. Vijana ndio wenye nguvu zao, hela si ziende kwa wanaoumwa? (Baba wa watoto wanne)

Baba, foleni ndiyo inayokudanganya. Kijana hapangi foleni. Aliyegongwa anaingizwa kwa mlango wa dharura usiku, au hafiki kabisa, mwenye sonona amejifungia chumbani na simu, aliyepungukiwa damu anaitwa mvivu, na binti mwenye mimba anajifunga kanga asionekane mpaka siku uchungu umemshika. Ukihesabu wagonjwa kwa kuangalia nani kakaa kwenye benchi, hao wote hutawaona.

Ila hujakosea kote. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 10 hadi 14 ndio wenye hatari ndogo kabisa ya kufa kuliko rika lolote lingine. Wamepita hatari za utotoni na moyo na figo bado mpya. Shida inaanza hapo hapo baada ya hapo, hatari inapanda haraka. Mwaka 2021 walikufa watu zaidi ya milioni 1.5 wa miaka 10 hadi 24, yaani kama 4,500 kila siku inayokucha. Na ukiuliza wamekufa na nini, majibu yanayotangulia ni ajali za barabarani, kuzama majini, kupigwa na kuuawa, kujidhuru wenyewe, na kwa mabinti matatizo ya ujauzito na kujifungua. Ona kwamba karibu vyote hivyo si vya kusubiri dawa mpya igunduliwe. Kwa hiyo unaposema hela ziende kwa wanaoumwa mimi nakuuliza, na anayeweza kuzuiwa asifike huko kabisa je, yeye hana fungu?

Na kingine, vifo hivi havijagawanywa sawa. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2009, ukitumia takwimu za 2004, ulikuta vifo milioni 2.6 vya vijana kwa mwaka ule na asilimia 97 vilikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Namba imeshuka tangu hapo, hata kama njia za kuhesabu nazo zimebadilika katikati. Ulinganifu kati ya nchi na nchi ndio bado kichekesho, kijana yule yule, mwili ule ule, kazaliwa upande mwingine wa mpaka, basi.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, tumeambiwa tuandike kuhusu "mzigo wa magonjwa" na kila nikisoma nakutana na DALY DALY. Nimekariri maana yake lakini sijaelewa hata kidogo. Ni nini na nani aliamua? (Mwaka wa 2, amechoka)

Marahaba mwanangu, ngoja tuachane na kukariri. Zamani afya ya nchi ilipimwa kwa vifo tu. Sasa vifo vina tabia ya kuficha mambo, mtu anayeishi miaka 15 na kifafa au sonona bila kufa hatokei popote kwenye hesabu, kana kwamba yuko mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wawili, Christopher Murray na Alan Lopez, wakatengeneza kipimo kinachounganisha vyote viwili, kikatumika kwenye ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993 na tangu hapo hakijatoka mezani.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwanza unahesabu miaka iliyopotea kwa kufa mapema. Awamu ya mwaka 2010 ya utafiti wao wa mzigo wa magonjwa duniani iliweka umri wa juu wa kulinganishia kuwa miaka 86, kwa hiyo kijana aliyekufa na miaka 20 amepoteza miaka 60 na ushee, wakati mzee wa 80 aliyefariki usiku huo huo anapoteza michache. Halafu unajumlisha miaka aliyoishi mtu na maradhi au ulemavu, lakini kila hali inapewa uzito wake kati ya 0, yaani mzima kabisa, na 1 ambayo ni sawa na kufa. Kama hali ina uzito wa 0.5 na umeishi nayo miaka 4, umepoteza miaka 2 ya uzima. Jumla ya hayo mawili ndiyo DALY, na DALY moja ni mwaka mmoja wa maisha ya afya uliokwenda na maji.

Umeuliza nani aliamua uzito, hapo ndipo swali lako linakuwa tamu. Mwanzoni waliamua wataalamu wenyewe. Baadaye wakalaumiwa kwamba mnakaaje nyie wachache mnatupimia maumivu yetu, wakaenda kuuliza watu, Bangladesh, Indonesia, Peru, Tanzania na Marekani, na wengine kwa intaneti, zaidi ya watu 30,000. Swali lilikuwa rahisi tu, unaelezewa watu wawili wenye hali mbili tofauti kwa maneno ya kawaida halafu unaulizwa, nani mzima zaidi? Majibu yao yakafanyiwa hesabu ndefu. Na kilichotoka kinashangaza wengi, kwenye marekebisho ya baadaye upofu ulipata 0.187 na sonona kali 0.658. Mimi hapa nina manung'uniko yangu, kipimo kinapima afya ya mwili na akili na hakipimi ugumu wa kuishi, kipofu ambaye mtaani kwake hakuna hata njia ya kupita anaishi maisha tofauti kabisa na kipofu mwenye fimbo, shule na kazi. Lakini bila kipimo hiki sonona ingeendelea kuitwa mawazo tu.

Kwa ajili ya kazi yako, tafuta ule uchambuzi wa The Lancet wa mwaka 2011 wa vijana wa miaka 10 hadi 24. Ulikuta DALY milioni 236, ambayo ni asilimia 15.5 ya mzigo wa dunia nzima kwa rika zote. Ukitoa vifo ukabaki na ile miaka ya kuishi na maradhi peke yake, asilimia 45 ilitoka kwenye matatizo ya akili na mishipa ya fahamu, 12 majeraha ya ajali, 10 magonjwa ya kuambukiza na vimelea. Afrika ilikuwa na kiwango mara 2.5 ya nchi tajiri. Na kati ya miaka 15 na 19 mabinti walikuwa wanabeba asilimia 12 zaidi ya wavulana, hiyo wengi huwa wanairuka, wewe usiiruke.

Mwanangu wa kiume ana miaka 19, amenunua pikipiki kwa hela yake mwenyewe. Nimelia, nimefunga, nimemwombea. Kila simu ikilia usiku moyo unaruka. Nimzuieje daktari? (Mama asiyelala)

Mama, pole. Hofu yako ina msingi na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani na ndizo namba moja kwa vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Na wavulana walio chini ya miaka 25 wana uwezekano wa karibu mara 3 wa kufa barabarani kuliko wasichana wa umri wao.

Lakini kumzuia hutamzuia, kanunua kwa hela yake. Ukigombana naye ataendesha hivyo hivyo ila akiwa na hasira, na hasira barabarani ni mbaya. Kwa hiyo tumia ile nguvu uliyonayo ya umama kwenye vitu vichache ambavyo kweli vinaokoa.

Cha kwanza helmeti, na sisemi awe nayo, nasema aifunge. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti ikivaliwa sawasawa inaweza kupunguza hatari ya kufa kwenye ajali zaidi ya mara 6 na jeraha la ubongo mpaka asilimia 74, na hayo maneno "sawasawa" ndiyo yote. Mwambie aivae mbele yako. Mkanda wa kidevuni ukishafungwa vidole viwili vipite chini yake kwa kubana, visipite vinne. Sasa simama nyuma yake, shika ukingo wa nyuma wa helmeti uisukume kwenda mbele kama unataka kumvua, ikitoka hiyo ni kofia ya jua, akabadilishe saizi. Muulize aliipata wapi, kama iliwahi kudondoka na mtu kwenye ajali basi imemaliza kazi yake hata kama nje haina ufa, ile povu ngumu ya ndani ikishabonyea mara moja hairudi. Na ya abiria je? Vijana wengi wana helmeti moja, nayo imening'inia kwenye usukani.

Cha pili mwendo. Kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kifo inapanda kama asilimia 4, kwa hiyo zile kilomita chache anazoona "si kitu" ni kitu. Cha tatu, asibebe marafiki kwa miezi ya mwanzo, hasa usiku. Hili si roho mbaya. Kijana akiwa peke yake anaendesha vingine, akiwa na watazamaji anaendesha vingine, na sehemu ya ubongo inayosema "hebu subiri kwanza" inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. New Zealand ililigeuza jambo hili kuwa sheria mwaka 1987, leseni ya kijana inakuja kwa hatua, kwanza na msimamizi, halafu peke yake lakini bila usiku wa manane wala abiria, halafu ndiyo kamili, na nchi nyingine zikaiga. Wewe huna bunge lakini una meza ya chakula, kaeni mpatane.

Na pombe. Makubaliano yenu yawe hivi: akinywa anapiga simu, unamfuata au unamlipia usafiri, na asubuhi HAKUNA mahubiri. Ukimhubiria mara moja tu, mara ya pili hatapiga.

Halafu niseme hili kwa wote wanaosoma, nimechoka kusikia ajali ni ujeuri wa vijana. Nchi zenye kipato cha chini na cha kati zina kama asilimia 60 ya magari ya dunia lakini zaidi ya asilimia 90 ya vifo, sasa ina maana vijana wa huko wamezaliwa wajeuri? Barabara haina njia ya miguu, taa hakuna, gari bovu linapita, aliyeumia anabebwa mzobemzobe na watu wasiojua kubeba mgonjwa. Sweden mwaka 1997 waliamua kisheria kwamba binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara itengenezwe ili kosa lisiwe kifo. Mimi huwa naona hiyo ni heshima kubwa kwa watoto wa watu.

Dokta mambo, nina 17, nachoka sana yani hata nikilala masaa kumi naamka nimechoka, darasani nasinzia, ngazi za shule nikipanda moyo unadunda hadi nasikia masikioni. Mama anasema ni simu. Na kuna kitu naona aibu kusema, natamani kula udongo. (Binti)

Poa mdogo wangu. Hicho unachoona aibu ndicho kimenipa jibu karibu lote. Kutamani udongo, chaki au barafu, pamoja na kuchoka na moyo kwenda mbio kwenye ngazi, vinanusa upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Vuta kope la chini la jicho mbele ya kioo uangalie ndani, panatakiwa pawe pekundu, kama pamepauka, basi ndiyo dalili yenyewe. Hata kama pana wekundu bado kapime, kipimo cha damu kinachukua dakika chache na hakibahatishi kama kioo.

Haupo peke yako hata kidogo. Kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 duniani karibu 3 kwa kila 10 wana upungufu wa damu, na Shirika la Afya Duniani liliwahi kuutaja huu wa madini ya chuma kuwa ndio unaoongoza kuwapotezea vijana miaka ya uzima kwa kuishi na maradhi. Hauui haraka wala hauna ajali ya kupigwa picha, unakula masomo tu taratibu na kila mtu anakuita mvivu. Unakua kwa kasi, mwili unataka damu zaidi, na kila mwezi unaimwaga nyingine.

Hapo nikuulize, siku zako zikoje? Ukiwa unalazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, au zinaenda zaidi ya siku 7, au yanatoka mabonge makubwa, hiyo si kawaida hata kama dada zako wote wako hivyo, mwambie mhudumu. Mwambie na kama mnaishi sehemu yenye malaria au minyoo, maana navyo vinakula damu. Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze na chai wala kahawa, vinazuia chuma kuingia mwilini, meza na maji au juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni dawa. Tumbo likikusumbua usiache kimya kimya, rudi useme, wengi wanaacha wiki ya kwanza halafu wanasema dawa haikufanya kazi. Na ukianza kujisikia vizuri endelea mpaka umalize uliyoandikiwa, akiba ya mwili inachukua miezi kujaa.

Mama mwambie nimemsalimia, na kwamba simu nayo kweli izimwe usiku, tusimnyime haki yake.

Mdogo wangu wa kiume ana 21. Ameacha mpira, ameacha kuoga vizuri, analala mchana usiku yuko macho, ukimuuliza anasema "niko fresh". Baba anasema ni uvivu na bangi. Juzi kasema "mngepumzika nisingekuwepo". Naogopa kumuuliza zaidi nisije nikamtia wazo. (Kaka mtu)

Kaka, acha vingine vyote, hili la leo leo. Muulize. Muulize kwa maneno yaliyonyooka, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, wataalamu wamelisema hili miaka mingi na Shirika la Afya Duniani linalirudia kila mara, kinachotokea mara nyingi ni mtu kushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona. Kaa naye sehemu tulivu, usikatishe, usimwambie "wenzako wana shida kubwa zaidi", usimwekee dini mbele kama fimbo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani vitu ambavyo anaweza kujidhuru navyo, na mwende wote hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, kama kuna namba ya simu ya msaada nchini kwenu ipigeni. Akisema hapana, bado mpeleke wiki hii.

Ulivyoeleza, kuacha alichokuwa anapenda, usingizi kugeuka, kujiacha, ikiwa imezidi wiki 2 inatosha kumpeleka kwa mtaalamu akaangalie kama ni sonona. Inawezekana na bangi ipo, vijana wengi wanatumia kujituliza, lakini kumkemea bangi bila kuangalia kilicho chini yake hakusaidii. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa kama ni kali, na mara nyingi kwa vyote viwili, ila dawa zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi kwa hiyo msikate tamaa siku ya tano.

Baba naye umweleze taratibu. Duniani watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya 3 ya vifo. Kati ya wenye miaka 10 hadi 19, mmoja kwa kila 7 ana tatizo la afya ya akili, nyumba chache sana hazijaguswa. Na mzee anapoita uvivu mara nyingi anaogopa kuliko nyie wote, kizazi chake hakikupewa jina lingine la kuita.

Niandikie nijue mmefikia wapi. Hili sitalisubirisha toleo.

Binti yangu ana miaka 11, shule imeleta fomu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani kwa mtoto wa miaka 11? Si mnamfungulia mlango wa mambo mengine? (Mzazi mwenye wasiwasi)

Chanjo inatangulia kirusi, ndiyo maana. Saratani hiyo karibu yote inasababishwa na kirusi cha HPV kinachopatikana kwa kujamiiana, kirusi kinaingia ujanani na saratani inakuja miaka mingi baadaye, mwaka 2022 iliua wanawake kama 350,000. Chanjo inafanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa haujawahi kukutana nacho, ndiyo sababu walengwa ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali hata dozi moja kwa umri huo. Kuhusu mlango, hakuna mtoto aliyewahi kuanza mapenzi sababu ya sindano ya bega. Jaza fomu mzee, peni hiyo hapo.

Kichwa kinaniuma karibu kila wiki tangu nina miaka 15, upande mmoja, mwanga unaniumiza, natapika. Namaliza pakti ya dawa za maumivu mwenyewe. Ni stresi? (Miaka 22)

Kwa maelezo hayo inafanana na kipandauso. Watu wanakidharau lakini kwenye uchambuzi wa dunia wa 2019, maumivu ya kichwa yalikuwa nafasi ya 2 kwa mzigo wa rika la miaka 10 hadi 24, nyuma ya ajali za barabarani na mbele ya kujidhuru na sonona, nilipoiona mara ya kwanza nilirudia kusoma. Angalia hizo pakti sasa. Dawa za kawaida za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi inavyopita, zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Andika kwenye daftari siku kilipouma, ulimeza nini, ulilala saa ngapi, na kama ni karibu na siku zako kwa wa kike, mpelekee daktari, kuna dawa za kuzuia kabla hakijaanza. Ila kikija ghafla kikali kuliko vyote, au na homa na shingo kukakamaa, au mkono unakufa ganzi, hapo usiandike kitu, nenda dharura.

Vijana wa siku hizi ni pombe, bangi na mapenzi, wanajitakia wenyewe. Mbona hulisemi hilo? (Mwalimu mstaafu)

Nalisema mwalimu. Kwenye ule uchambuzi wa 2011 niliomtajia mwanafunzi, vihatarishi vilivyoongoza kwa vijana vilikuwa pombe asilimia 7, ngono isiyo salama 4, upungufu wa chuma 3, kukosa uzazi wa mpango 2, na dawa za kulevya 2. Sasa jumlisha, haifiki hata asilimia 20. Yaani vyote hivyo tunavyovipigia kelele mkutanoni, vikiunganishwa, vinaacha sehemu kubwa kabisa ya mzigo haijaelezwa. Na kati ya hivyo vitano, viwili ni kukosa kitu ambacho mtu mzima alitakiwa kukiweka karibu, chuma na uzazi wa mpango. Mimba za mabinti wa miaka 15 hadi 19 nchi za kipato cha chini na cha kati zilikadiriwa kuwa milioni 21 kwa mwaka 2019, kama nusu yake hazikutarajiwa, na katika hizo kuna alizobebeshwa mtoto na mtu mzima mwenye heshima zake. Huyo naye tuseme kajitakia?

Pombe nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila mtengenezaji anayeifungasha kama juisi, na anayemuuzia mtoto bila kumtazama usoni, nao tuwaite kwenye kikao.

Nina 16. Nina kitu kinanisumbua sehemu za siri, sitaki wazazi wajue. Naweza kwenda kituo cha afya peke yangu? (Sitaki kusema nani)

Inategemea sheria ya nchi uliyopo, sehemu nyingine wanakuhudumia ukiwa peke yako kwa mambo kama haya, sehemu nyingine wanataka mkubwa, na mkubwa si lazima awe mzazi, shangazi au nesi wa shule anaweza kutosha. Lakini kwenda kuuliza hakukatazwi popote. Ukifika dirishani huna haja ya kueleza tatizo mbele ya watu, sema "naomba kumuona mhudumu kwa jambo la faragha", wakikuuliza lipi rudia sentensi hiyo hiyo. Vituo vingine vina saa au chumba cha vijana, ulizia. Ukishaingia ndani, kabla hujaeleza chochote muulize, "nitakachosema hapa kitabaki hapa?" Atakwambia mipaka yake, kwa mfano kama kuna mtu anakuumiza anaweza kulazimika kuripoti, na hapo utaamua uanzie wapi. Kama kuna mtu kweli amekuumiza au amekulazimisha, nenda haraka, bora leo kabla ya kesho, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndiyo bora, na ukiweza usioge wala kufua nguo ulizovaa. Kama ni muwasho, kidonda au usaha tu, nenda wiki hii, usijipake dawa ya kuambiwa na rafiki, na usimeze antibayotiki iliyobaki ya mtu mwingine maana ukifika pale itamchanganya anayekupima.